Sanduku la Mvua, Sanduku la Jua

Simu ililia nikiwa nimesimama juu ya kiti, nikisukuma sanduku la bati juu ya kabati. Ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, wiki ya kwanza ya Machi. Mvua ilikuwa haijafika mtaani kwetu Bukoto, Kampala, lakini mawingu yalikuwa yamekaa upande wa ziwa tangu Jumatatu. Nilishuka, nikafuta vumbi mikononi, nikapokea. Alikuwa mume wangu Muhamadi, na hakunisalimia.

"Santina, Mama ametutangulia."

Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia, na mtu akiomba maji.

"Aliamka kula daku, akasali alfajiri, akarudi kujilaza. Mama mdogo alipokwenda kumtazama akakuta ameshaondoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nilifanya ishara ya msalaba, kwa sababu ndivyo mkono wangu unavyojua.

"Tunazika leo, baada ya sala ya alasiri," akasema. "Wataanza kumwosha baada ya adhuhuri. Ilete ile sanda yake."

"Naileta sasa hivi," nilisema. Nilijua ilipo. Au nilidhani najua.

Mama mkwe wangu, Mama Zubaida, aliishi nasi miaka kumi na miwili katika fleti yetu ya vyumba viwili. Alikuwa Mnubi, kitukuu wa askari waliotoka Sudani enzi za Waingereza, na mjane wa polisi. Kila Ramadhani alihamia kwa mdogo wake Zulaikha, Old Kampala, ili asali tarawehe msikiti mkubwa bila kupanda gari. Mimi ni Mkatoliki, nimezaliwa Kitgum, kaskazini. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza pamoja, tukafunga nyumba nzima. Siku aliyoondoka alinitania mlangoni, mfuko wake begani.

"Miaka yote wewe ndiye mwonja chumvi wangu. Sasa na wewe umefunga! Mchuzi tutaumezaje?"

"Kwa imani, Mama."

"Imani haiondoi chumvi, mwanangu." Akashuka ngazi akicheka, ameshika ukuta kwa sababu ya magoti. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu ana kwa ana, na namshukuru Mungu kwamba yalikuwa ya chumvi.

Sanda ile aliletewa na Zulaikha kutoka Makka, ikiwa imefuliwa kwa maji ya Zamzam. Miaka mitano iliyopita Mama aliniita chumbani kwake.

"Njoo uone nguo yangu ya safari."

Niliona vipande vitano vya pamba nyeupe, vimekunjwa vizuri, na kifuko kidogo cha karafuu juu yake. Nilishtuka.

"Kwa nini unanionyesha mimi? Si umwonyeshe Muhamadi?"

"Muhamadi? Mtu asiyejua soksi zake zinalala wapi?" Akafunika sanda kwa kiganja. "Itakaa sanduku la chini daima, liwe la mvua, liwe la jua. Siku hiyo watu watakuwa wanalia. Sitaki mtu apande kiti aanguke, mzike wawili. Niahidi, Santina. Nizikwe na hii."

Nilimwahidi.

Masanduku yalikuwa mawili, meusi, kila moja na namba ya upolisi ya marehemu baba mkwe, Abdul-Karim, kwa rangi nyeupe. Sanduku la mvua lilikuwa na mablanketi, sweta za shule, soksi nzito, gambuti za watoto, na turubai la kuziba dirisha la jikoni ambalo limevuja tangu tuhamie. Sanduku la jua lilikuwa na mapazia mepesi, vitambaa vya kufunika viti na televisheni vumbi lisiingie, mikeka, na mifuniko ya madumu ya maji, maana kiangazi mfereji wetu hukauka siku tatu. Sanduku la majira yaliyopo lilikaa sakafuni kando ya kitanda chake. Lingine lilikaa juu ya kabati. Mara nne kwa mwaka yalibadilishana nafasi, na sanda ikahama pamoja na zamu. Aliihamisha yeye mwenyewe, mlango umefungwa.

Siku ya kubadilisha ilikuwa kama sikukuu ndogo. Kila kitu kilitolewa nje, kikaanikwa kwenye kamba za uwanjani, kikapigwa vumbi, kikafukizwa udi, kikarudishwa na majani makavu ya mwarobaini. Alikuwa na kanuni zake. Kitu ambacho hakikutumika mvua mbili mfululizo kinampata mtu mwingine. Kitakachohitajika kwanza kinawekwa juu. Na kila mtu hufunga kifurushi chake kwa fundo lake. Lake lilikuwa fundo la kipolisi alilofundishwa na mumewe, na hakuna mwingine aliyeligusa. Mimi niliona ni adabu. Mke wa mwana hafungui fundo la mama mkwe.

Mpango huo aliuanza katika kambi ya polisi, walipokuwa watu wanane katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Mvua ya kwanza ya ndoa yake ilipasua bati mchana, yeye akiwa sokoni. Aliporudi akakuta nguo zake za arusi zinaelea, na karatasi zote za mumewe zimekuwa uji. Hakulia, alisema, kwa sababu jirani yake Mwacholi alikuwa analia kwa niaba ya wote. Kesho yake Abdul-Karim alileta masanduku mawili kutoka stoo. Tangu siku hiyo Mama Zubaida aliijua mvua kabla ya redio. Kambi nzima ilikuwa ikimwangalia: akianika mablanketi, na wao wanatoa yao.

Nami nilipoolewa nilikuja na gunia moja. Utoto wangu ulikuwa wa kambi nyingine, kambi za watu waliokimbia vita kaskazini, na huko mama yangu alitufundisha kuweka kila kitu katika gunia moja karibu na mlango. Hata baada ya kumaliza kidato cha nne hapa Kampala, hata baada ya kupata mume, niliendelea kuweka gunia langu mlangoni. Mama Zubaida aliliruka wiki tatu bila neno. Wiki ya nne akaniuliza:

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, Mama."

"Basi mbona mzigo wako unasubiri gari?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akafungua sanduku la mvua, ingawa ulikuwa mwezi wa Januari na jua linaunguza, akasogeza vitu vyake upande mmoja.

"Weka sweta zako hapa. Mpaka Machi huzihitaji."

"Na Machi?"

"Machi tutakuwa hapa, inshallah. Tutafungua pamoja."

Nililia wakati wa kuzikunja. Sijui kama watu ambao hawajawahi kukimbia wataelewa. Kuweka nguo ya miezi mitatu ijayo, ukafunga kifuniko, ukaenda kulala!

Habari zake zilienea mpaka fleti za jirani. Bi Aol wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, alikuwa na makabati manne na haoni kitu ndani yake. Alimwita Mama Zubaida, nami nikaenda kumshikia magunia. Lilipofunguliwa kabati la kwanza, gomesi, zile gauni ndefu za sherehe, zilitumwagikia kichwani.

"Bi Aol," Mama akauliza kutoka chini ya hariri, "hizi zote ni zako au umefungua duka?"

"Kila moja ina arusi yake, dada. Hii ya bluu ni ya arusi ya Okidi."

"Na Okidi yuko wapi?"

"Aliachana na mkewe."

"Basi hata gomesi imwache."

Walicheka mpaka Bi Aol akakaa kitandani. Jioni ile gomesi kumi na moja zilitoka mle ndani, na mwanamke yule alituaga kana kwamba amepona ugonjwa. Mama hakupenda kulipwa. Alipenda chai yenye tangawizi, na kuambiwa msimu uliofuata kwamba mwavuli umeonekana siku uliyotakiwa.

Sasa nirudi kwenye Alhamisi ile. Mama akiwa Old Kampala, Jumanne niliyaona mawingu nikasema nimfanyie kazi kabla hajarudi, magoti yake yapumzike. Nilishusha sanduku la mvua, nikaanika, nikapanga. Alhamisi nilikuwa napandisha la jua. Vifurushi vyake ndani ya sanduku hilo nilivibeba vilivyo, na fundo lake juu; sanda ningemwachia mwenyewe aihamishe akirudi.

Baada ya simu nililishusha tena peke yangu, likanichubua mkono. Nilipiga magoti mbele ya kifurushi cha chini kabisa. "Mama, nisamehe," nilisema, nikafungua fundo lake kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kanga zake za nyumbani, msala wa zamani, na kifuko cha karafuu. Sanda haikuwemo. Karafuu zilikuwa mahali pake, lakini sanda ilikuwa imehamishwa.

Nilifungua sanduku la mvua, nikalimwaga lote. Nilitazama kabatini, chini ya godoro, ndani ya kikapu cha ushanga wake. Saa nne ikapita. Muhamadi akapiga tena.

"Uko njiani?"

"Siioni."

"Tafuta mpaka adhuhuri. Baada ya hapo nitanunua nyingine hapa, Santina. Dini haina tatizo."

Dini haikuwa na tatizo, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimetoa ahadi. Na niliogopa, sitaficha, niliogopa macho ya ndugu zake: huyo mke wa Kikristo, sanda ya mama imepotelea mikononi mwake.

Nilikaa sakafuni nikachukua rozari. Sikumaliza hata Salamu Maria kumi za kwanza. Nilijiuliza swali ambalo Mama angejiuliza: mvua ikija, kitu gani kinahitajika kwanza? Kwanza ni koti.

Koti la polisi la Abdul-Karim, zito kama mbuzi, halikuwahi kuingia sandukuni. Lilikaa chini ya kitanda, limeviringishwa na kufungwa kwa kamba. Mama alipoona dalili za mvua kabla ya kuondoka, asingeweza kushusha sanduku kwa mikono yake. Angeanzisha zamu kwa kitu kilicho karibu, cha majira yajayo, cha chini, na sanda ingesubiri humo mpaka atakaporudi.

Na koti lile halikuwepo. Jumanne jioni nilikuwa nimempa Odyek.

Odyek ni mlinzi wa kanisa letu, mtu mzima, mwanajeshi wa zamani. Msimu uliopita Mama aliligusa koti akasema, "Limekaa mvua mbili bila mtu. Mvua ijayo tumpe anayelala nje." Nikafuata neno lake. Lakini sikufungua kamba, kwa sababu ya lile fundo. Odyek alilipokea kwa mikono miwili, akalipima, akasema, "Mama Santina, hii koti iko na mtu ndani?" Nikacheka. Nilisema ni uzito wa serikali.

Simu yake ilikuwa imezimwa, maana walinzi hulala mchana. Nilichukua boda mpaka kanisani, katekista akanielekeza chumba chake Kamwokya, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Nilipiga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Alifungua akiwa amejifunga shuka, macho mekundu. Koti lilikuwa linaning'inia msumarini nyuma yake, limefunguliwa.

"Odyek, kulikuwa na kitu ndani ya koti."

"Kilikuwa."

"Kiko wapi?"

Alikwenda kwenye sanduku lake dogo, akatoa kifurushi cha magazeti kilichofungwa vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

"Mimi nilifungua kamba ile usiku ya Jumanne, nikaona nguo nyeupe vipande tano. Nikasema, Odyek, hii hapana yako. Mimi Mkatoliki kama wewe, lakini jeshini nimezika Waislamu wengi. Sanda naijua. Nikaweka pamoja na kadi yangu ya ubatizo. Jana nilikuja kwako, sikukukuta."

"Nilikuwa sokoni Owino. Mbona hukupiga simu?"

"Mama, nitasema namna gani kwa simu? Halo, niko na sanda yenu?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Ndipo alipoutazama uso wangu.

"Ni nani?"

"Mama Zubaida. Leo alfajiri."

Alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mkono ulikwenda kichwani, ukashuka. "Ngoja nivae suruali," akasema. "Nitakusindikiza."

Tulifika Old Kampala adhana ya adhuhuri ikiita. Uani palikuwa pamejaa watu na hakuna jiko lililowashwa, kwa sababu ya saumu. Zulaikha alikuwa chumbani na wanawake waoshaji. Sura yake ni ya dada yake kabisa, ila amenenepa. Nilimkabidhi kifurushi cha magazeti, na kabla hajauliza nikamwambia yote: koti, fundo, mlinzi wa kanisa. Sikupunguza kitu.

Zulaikha akafunua gazeti, akanusa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Zubaida!" akasema, akimgeukia dada yake aliyelala chini ya shuka. "Nimekubebea sanda kutoka Makka, wewe unaipeleka ikalinde kanisa!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na wanawake wawili wakacheka naye wakijiziba midomo. Kisha akanirudishia kifurushi, akanishika mkono uliochubuka.

"Imerudi safi. Na ahadi imetimia. Sasa kaa hapa nyuma ya pazia unipe kimoja kimoja, wewe unayejua alivyokunja."

Nilikaa nyuma ya pazia nikisikia maji yakimwagwa taratibu na dua za chini chini. Wakati wa sanda ulipofika, nilinyoosha mkono na kumpa Zulaikha vipande kwa mfuatano niliovikuta nao. Juu kulikuwa na shuka mbili kubwa, ambazo hutandikwa kwanza. Zikafuata kanzu, kitambaa cha kichwa, na cha chini kabisa kile cha kiunoni. Zulaikha alitandika shuka, akaweka vingine juu yake, na alipokuja kuanza kumvisha, cha kiunoni kilikuwa kimekaa juu, tayari. Alisita akivitazama.

"Amevipanga," alisema.

"Ndiyo," nilisema. "Kinachohitajika kwanza kinakuwa juu."

Aliniruhusu kuingia kabla uso haujafunikwa. Mama Zubaida alikuwa na sura ya mtu aliyelala mchana baada ya kazi. Nilitoa kifuko cha karafuu nilichokuwa nimekichukua sandukuni, nikauliza kwa macho. Zulaikha akachukua punje chache, akazisaga kiganjani pamoja na kafuri, akampaka. Niliomba sala yangu kimya, Raha ya milele umpe ee Bwana, nao wakaomba yao. Hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Uani, Odyek alikuwa amemfuata Muhamadi na koti mkononi.

"Afande, hii ni ya baba yako. Chukua."

"Mama alisema ni la nani?" Muhamadi akaniuliza.

"La mtu anayelala nje."

"Basi mzee, ni lako. Mvua inakuja."

Walisali janaza msikitini baada ya alasiri. Kisha jeneza lilirudishwa kupita mbele ya nyumba, kwa sababu Zulaikha alikuwa ameomba hivyo, na wanaume wakapokezana kulibeba begani hadi kwenye gari. Muhamadi alishika mbele. Odyek alishika nyuma kwa hatua chache, koti likiwa limekunjwa mkononi, kisha akampisha mwingine. Sisi wanawake tulisimama mlangoni. Watoto wetu wawili, waliokuwa wametolewa shuleni, walisimama mbele yangu, nami nilikuwa nimeweka mikono mabegani mwao. Zulaikha alisema, "Nenda salama, dada," nami nikasema, "Nenda salama, Mama." Gari liliondoka taratibu na mengine sita nyuma yake.

Muhamadi aliniambia baadaye kwamba yeye na binamu yake ndio walioshuka kaburini kumpokea, kwamba udongo ulikuwa mkavu na laini, na kwamba walimaliza kabla ya saa kumi na mbili. Walipomwaga maji juu ya kaburi, imamu alisoma dua, na watu wakaanza kuondoka kuwahi futari.

Nasi tulingoja mpaka gari la mwisho likapotea kwenye kona. Kisha tukaingia ndani tukawasha jiko.